Mume Wangu Amenigeuza Bi Kiberiti

Mpendwa mshauri,

Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umenichoka, na kabla sijafanya jambo la kujutia naomba unishike mkono. Mimi ni mpima macho, nina duka dogo la miwani, na mwaka wa tisa huu nimeolewa na mwanamume ambaye mtaa mzima unamwita Sauti Saba, kwa sababu kazi yake ni kuweka Kiswahili kwenye filamu za watu na anaigiza wote peke yake, mzee, mtoto, polisi, mwizi, hata mbwa akibweka ujue ni yeye, na anarekodia ndani ya kabati letu la nguo kwa kuwa anasema nguo zinameza mwangwi.

Mwaka jana kampuni moja ya filamu za mtandaoni ilimpa tamthilia ya Kinga, yule mzimamoto asiyeungua, anayewasaka majambazi wanaochoma masoko ili wachukue viwanja, na msimu wa kwanza sina neno nao, alitafsiri vizuri na mimi nilikuwa wa kwanza kujidai kwamba huyo ni mume wangu. Balaa limekuja na msimu wa pili. Humo ameingia mkuu wa majambazi, mwanamke anayeitwa Bi Kiberiti, na huyo Bi Kiberiti, mshauri, anasema maneno yangu, siyo yanayofanana na yangu, ni yangu, neno kwa neno, kwa mfano siku moja nilimwambia mume wangu kuhusu taulo bichi analotupa kitandani, "Mimi si mkeka, ukishanikanyaga unikung'ute uniegemeze ukutani," na wiki mbili baadaye namsikia Bi Kiberiti anamwambia hivyo hivyo mkuu wa polisi huku soko linawaka nyuma yake.

Sasa dukani sina heshima. Juzi nilimwekea mteja lenzi za majaribio nikamwambia kama ninavyowaambia wote, "Usikisie, kama huoni sema huoni," akavua fremu akanitazama akaanza kucheka, kumbe ndivyo Bi Kiberiti anavyosema kabla ya kuwasha njiti. Fundi wangu wa kukata lenzi, anayeijua lugha ya asili ya tamthilia hiyo, alikwenda kuisikiliza bila sauti ya mume wangu, akarudi ananionea huruma. "Dada, kule kwao huyu mama hasemi kitu. Anatazama tu, anawasha njiti, anaondoka." Nilipomuuliza mume wangu mwenyewe, alinijibu bila hata kuweka kijiko chini: "Mke wangu, mtu akikaa kimya mno watazamaji wanasinzia, na wewe hukosi la kusema."

Hayo yote ningeyameza, lakini yupo mama yake. Mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa presha ya macho, na kwa kuwa picha haioni vizuri huwa anakaa kwenye kiti cha karibu na televisheni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, anamfuata mwanawe kwa masikio, hakosi hata sehemu moja. Ilipofika sehemu ya sita, Bi Kiberiti akamgeukia dereva wake, akasema, "Mama yako alikuja kwa wiki mbili, huu mwezi wa nane, ataondoka lini nami nikae kwenye kiti changu?" Mshauri, kwenye filamu hiyo hakuna mama wala kiti, kuna gari na mapipa ya petroli. Ni maneno ambayo sikatai niliyasema, lakini niliyasema chumbani, mlango umefungwa, siku ambayo nilikuwa nimechoka, na hakuna mke ambaye hajawahi kuchoka. Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, haya maneno ni ya nani?" Nikamjibu, "Ni ya filamu, mama." Akamuuliza na mwanawe, naye akasema filamu ndivyo inavyosema. "Haya," akasema, akazima televisheni. Asubuhi yake akampigia simu wifi yangu aje amchukue, na leo ni siku ya sita yuko huko, hata chupa yake ya matone imebaki kwenye mlango wa friji, na ukoo wote unasema nimemfukuza mzazi, wakati aliyeyatangaza maneno dunia nzima ni mwana wao mpendwa.

Zimebaki sehemu nne. Nimeshaandika orodha ya kila sentensi aliyoniibia, na nauliza: niipeleke kwa kampuni wamfukuze kazi, au nifungashe nguo zangu nimwachie kabati tupu, arekodi asikie mwangwi?

Ni mimi,
Mwenye Maneno

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mwenye Maneno,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kuvua kiatu nimfuate mumeo huko huko kabatini. Ya chumbani ni ya chumbani. Mke anapomwaga moyo mbele ya mumewe anategemea utaishia hapo, na mwanamume anayekusikiliza huku akiweka akiba ya mazungumzo ya jambazi si msanii, ni mwizi, tena mwizi wa ndani, ambaye hata mbwa hambwekei. Asikudanganye kwamba ni kazi tu. Kazi aliyopewa ni kutafsiri, na mtu aliyenyamaza hatafsiriwi. Una haki ya kukasirika na sitakuomba upoe leo.

Mara ya pili nikasoma polepole, nikakutana na chupa ya matone. Umeipitia juu juu, katikati ya wifi na ukoo, kana kwamba ni kitambaa alichosahau. Wewe ndiye mpima macho, mimi ni mwandishi wa gazeti tu, lakini hata mimi najua kwamba presha ya macho haipigi kelele. Inakula uoni kidogo kidogo, na ulioliwa haurudi. Siku sita, dada, na umeweza kukaa ukiandika orodha ya sentensi. Mgonjwa wa mtu mwingine angekaa siku sita bila dawa ungemfokea mpaka akalia.

Nitakwambia kilichokushika miguu, nawe unakijua. Unaona aibu. Mumeo alikosa alipoyatoa yale maneno nje, hilo tumemaliza. Ila mama mkwe wako alikuuliza swali la wazi, kwa upole, akikuita mwanangu, ukamjibu uongo. Naye si mtoto. Anajua alikuja kwa muda gani, na anajua gari halina mkwe. Tena fikiria alichosikia hasa: si sauti yako, ni sauti ya mtoto aliyemzaa, ikiuliza ataondoka lini. Halafu nyote wawili, mmoja baada ya mwingine, mkamwambia masikio yake yamekosea, ilhali masikio ndiyo aliyobakiwa nayo.

Kwa hiyo, kwanza, funga duka leo. Usingoje kesho wala usimtume fundi wa lenzi. Chukua ile chupa, na kama imeisha muda nunua nyingine, nenda kwa wifi yako ukamtie mama matone kwa mikono yako, kisha umpeleke kwa daktari wake apimwe presha upya. Wifi akikununia, mwache anune, hukwenda kwake kupendwa.

Mumeo aende siku yake, peke yake. Usimbebee msamaha wake, maana amezoea kubebewa maneno. Amwambie mama yake ukweli, kisha aombe kampuni irudie sehemu ya sita na zote alizochezea, na katika hizo nne zilizobaki, pale Bi Kiberiti asiposema, basi hasemi, watazamaji wasinzie. Na kabati ni la nguo. Atafute pengine pa kurekodia mpaka uridhike wewe. Akikataa hata moja katika haya, hapo peleka orodha yako kwa kampuni, weka na dakika za kila sentensi, mimi mwenyewe nitakukagulia herufi. Ila usiipeleke leo kwa hasira, kwa sababu akipoteza kazi kabla hujamrudisha mama, watasema uliwafukuza mama na mwana kwa pamoja, na safari hiyo sitakutetea.

Kuhusu kuondoka, niandikie tena ukishatoka kwa mama. Mwanamke hafungashi mizigo akiwa anakimbia swali.

Ukifika, usianze na filamu, usianze na taulo, usianze na mumeo. Mtie matone, subiri afumbue macho, umwambie, "Mama, yale maneno ni yangu. Niliyasema nikiwa nimechoka, kisha nikakudanganya. Nisamehe, na urudi nyumbani." Usiongeze neno na usipunguze. Katika nyumba yenu mtafsiri mmoja anatosha.