Mti Alioupanda Mgeni

Kambini, Lindi

Baba yangu mpendwa,

Ugonile, tata. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mkaa nyuma ya jiko, maana hapa kambini ndipo mahali pekee ambapo mtu haji bila sababu. Mwili ni mzima, joto la huku nimelizoea, ila usingizi umenikimbia. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Na mvua je, imeanza, au bado inawachezea kama mwaka jana mlipopanda mahindi mara mbili?

Utashangaa kwa nini nimeandika kwenye karatasi kama watu wa zamani wakati simu ipo. Simu iko kwa Gwakisa, na huyo mdogo wangu akipokea tu anaweka spika, jirani anasikia mpaka nilivyopiga chafya. Haya ya leo hayafai spika. Barua nitampa Mzee Abdallah, yule wa duka la vitenge pale Ibighi, ambaye amekuja huku kufuata korosho. Vaa miwani uisome mwenyewe. Gwakisa asikusomee.

Baba, naogopa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Wiki iliyopita mabosi wa kampuni walirudi kutoka safarini. Kazi yangu unaijua, nawapikia watu wa mradi wa hewa ukaa. Wenye viwanda huko Ulaya wanalipia miti ya huku isimame, halafu wao wanaendelea kufukiza moshi kwao. Mabosi wanakokwenda huwa hatuambiwi. Basi nikawa nagawa maharage, mkuu wao anaonyesha picha kwenye simu, wenzake wanacheka. Nikachungulia. Nikaona migomba. Nikaona kaburi la bibi, na ule msalaba wa saruji uliovunjika mkono mmoja. Halafu nikakuona wewe, umevaa koti lako la kanisani, umeshika jembe, na mkuu amechuchumaa mbele yako anapanda mche.

"Mzee mwenyewe ndiye aliyetuonyesha pa kupanda," akasema. "Hata hatukumwomba. Kule tumeshaingia."

Upawa ulinitoka mkononi. Wakaniuliza kuna nini, nikasema sufuria ina moto. Sikusema yule ni baba yangu. Nimekaa nayo moyoni tangu siku hiyo, na kila nikifumba macho naona msalaba wa bibi.

Najua ulichofanya, nimekuona ukikifanya tangu nikiwa mtoto. Mgeni wa heshima akifika kwetu hanywi maziwa ya mgando akaondoka hivi hivi. Unamchukua mpaka migombani, unampa kitu apande, ili siku akirudi akute chake kinamngoja. Padri ana mgomba wake pale. Hata yule mnunuzi wa ndizi aliyekupunja ana mgomba wake, na mama hajaacha kuunung'unikia mpaka leo. Kwako huo ni ukarimu. Lakini watu hawa wakipanda mti wanaupiga picha, wanapima mahali ulipo kwa mashine, na tangu hapo wanasema mwenye shamba ameshakubali.

Sikwambii ya kusikia. Kuna mama hapa anaitwa Bi Somoe, ndiye anayeniuzia mihogo. Watu wa huku wakilima shamba likachoka wanalipumzisha, vichaka vinaota, baadaye wanalirudia. Mradi ulipofika, walipanda miti pamoja naye, wakala wali, ngoma ikapigwa. Mwaka uliofuata mashamba yake yote yaliyokuwa yamepumzika yakaitwa msitu. Bikoni za mpaka zikawekwa. Mwanawe alikwenda kukata fito kwenye shamba la marehemu baba yake, walinzi wakamkamata, na aliporudi hakuweza kunyoosha mkono. Siku moja nilimuuliza Bi Somoe kwa nini alikubali. Akanitazama kama mtu anayeonewa.

"Nani aliniuliza, mwanangu? Mimi nilikaribisha wageni."

Maneno hayo ndiyo yanayoninyima usingizi.

Usidhani nimekuwa adui wa miti. Mimi ndiye niliyebeba ndoo na wewe tukamwagilia ile miche ya pale kwenye chemchemi, na ninajua unavyoumia ukiona maji yanapungua na udongo wa mlimani unaporomoka. Najua walikwambia miti itarudisha mvua. Pengine itarudisha kweli. Ila mbona sisi ambao hatuna hata pikipiki ndio tunaofungiwa kuni na majani ya ng'ombe, na mwenye kiwanda hafungiwi chochote? Nilimuuliza swali hilo kijana mmoja wa ofisini, taratibu tu, nikimmiminia chai. Akacheka, akasema, "Bupe, wewe pika."

Sasa wanasema mkutano wa kijiji chetu unakaribia, na kwamba Mzee akinyoosha mkono wengine watafuata. Mzee wanayemsema ni wewe. Wamekuchagua kwa sababu watu wanakusikiliza. Na Gwakisa ameahidiwa kazi ya ulinzi wa msitu, buti na sare. Simlaumu, kijana anataka kazi, lakini atamlinda nani asiingie? Mama akienda kukata majani bondeni, atamkamata?

Nakuomba, usinyooshe mkono. Waulize mbele ya watu wote: chemchemi itakuwa ya nani? Tutakata wapi kuni? Kaburi la bibi litakuwa ndani ya bikoni au nje? Wakijibu kwa maneno marefu, elewa hawajajibu. Na ule mche ung'oe. Najua mkono wako hauwezi kung'oa kitu alichopanda mgeni, utaona kama unamfukuza mtu mlangoni. Basi mfungulie yule ndama mtundu asubuhi moja, ujisahau kidogo. Ndama hana habari na heshima ya wageni. Nimecheka kuandika hivyo, baba, ndiyo mara ya kwanza nacheka wiki hii.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya kifua nimempa huyo huyo Mzee Abdallah, na pweza mkavu pia, asiogope sura yake, amchemshe tu. Nisalimie shangazi Atupele anayefua mashuka hospitalini Igogwe, na mjomba anayelima viazi Isongole, shuka aliloniazima anidai nikirudi. Gwakisa msalimie pia, kwa upendo, ila usimweleze kitu.

Nilitaka niishie hapo, lakini lipo lililobaki, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja likizo.

Jana mkuu aliniita. Mtu amemwambia mimi ni Mnyakyusa. Amefurahi sana. Anasema wazee na akina mama wa huko Kiswahili chao ni kizito, kwa hiyo nitafuatana nao kwenye mkutano niwe mkalimani wao. Nilitaka kukataa. Nikamfikiria mama na dawa zake, nikafikiria wataniuliza sababu, na nikikataa watamchukua mwingine ambaye hata hajali. Nikasema sawa.

Nilifikiri nitadanganya, wao waseme lao kwa Kiswahili, mimi niseme la kweli kwa Kinyakyusa. Haiwezekani. Dereva wao ni mtu wa Kyela, Kinyakyusa anakisikia kila neno, na anakaa mbele.

Kwa hiyo utaniona nikishuka kwenye gari lao nimevaa fulana yao. Nitakupigia magoti nikuamkie kama binti yako, halafu nitasimama upande wao. Nitasema ardhi inabaki kuwa yenu. Nitasema hakuna atakayefukuzwa. Nitayasema kwa Kinyakyusa kizuri ulichonifundisha wewe, kwa sauti hii hii unayoijua, na akina mama wataitikia kwa vichwa wakisema mtoto wa nyumbani hawezi kutudanganya.

Tata, siku hiyo usiniamini.

Ni mimi binti yako, wa pale pale migombani,

Bupe