Mtumbwi wa Kaspari

Mjukuu wangu Bosko,

Shikamoo yako imefika. Bibi yako mzima, kahawa tunachuma.

Unauliza kama uichonge nyumba yetu ya Matiri iwe pambo ndani ya mashine yako ya mchezo wa gololi, ile ya kurusha gololi igonge vitu. Nilipokuwa kijana, duka moja la Lituhi lilikuwa na mashine kama hiyo. Nikaichongea mtumbwi mdogo, mfano wa ule wa kaka yangu Kaspari, hadi kiraka chake. Gololi ikiugonga unapinduka, kengele inalia. Kaspari mwenyewe alicheka kuliko wote.

Ziwa lilipomchukua Kaspari, nikaomba nirudishiwe ule mtumbwi mdogo. Mwenye duka akasema, "Bwana mdogo, huo ndio unaoleta wateja." Wakaendelea kuupindua na kushangilia, nami nimesimama na mche wangu wa sabuni.

Nyumba yetu iache, Bosko. Bibi yako bado yumo ndani.

Babu yako, Fokas