Damu Imefika Mubi

Dada Riziki,

Mimi mzima, ila Mubi mvua haikatiki. Bado tunapanga njia za pikipiki za kupeleka damu hospitalini. Vita vimejaza vizuizi barabarani na mgeni hapiti, basi kila dereva anaishia pale anapojulikana, kisha anamkabidhi mwenzake sanduku la baridi.

Leo mama aliyejifungua hapa alikuwa anavuja damu sana, na ya kumwongezea ilikuwa bado njiani kutoka Walikale. Nikaenda kuisubiri darajani. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Muuza ndizi akanicheka: "Papa, unazunguka sawa kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga! Kula kwanza."

Ndizi ya kuchoma ilinikumbusha marehemu mke wangu Neema, alivyokuwa akinipulizia yangu ipoe. Yeye damu ya kumwongezea haikupata njia ya kumfikia.

Mara pikipiki ikatokea, dereva tope mpaka kwenye meno. "Njo hii, Papa! Iko baridi bado!" Nikakimbia na sanduku mpaka hospitalini.

Jioni yule mama akapata nguvu, akauliza mtoto wake yuko wapi. Mume wake alinikumbatia, akakataa kuniachia. Nami sikutaka aniachie.

Nibusie watoto wote.

Kaka yako, Bahati