Nafasi Yako kwenye Meza ya Bwana

Meru, Jumapili 9 Agosti. Asubuhi ukungu na baridi.

Dada Wanja,

Natumaini kikohozi kimepungua. Leo kabla ya ibada tulimenya ndizi mbichi za wageni. Bi. Joan, mgeni kutoka kanisa la Uingereza, hakupaka mikono mafuta, utomvu ukaifanya myeusi. "Sasa wewe ni mama wa Meru!" alicheka mwenyeji wangu, Mama Mwenda.

Wakati wa Meza ya Bwana Bi. Joan alibaki kwenye benchi. "Wengi hapa hawatuamini tena tangu maaskofu wetu wakubali kubariki wapenzi wa jinsia moja. Sitaki kumkwaza mtu."

Mama Mwenda hakubaliani na kanisa la Bi. Joan hata kidogo, lakini aliketi tena kando yake. "Basi tukae wote, mama. Ndizi tumemenya pamoja."

Nilikwenda peke yangu. Nilipopiga magoti, kushoto kwangu palikuwa wazi, mahali pako tangu tupate kipaimara. Tulipogombana juu ya maaskofu wa Uingereza nilikuita mkaidi, ukahamia ibada ya saa moja. Nisamehe.

Jumapili ijayo nitakuwa nimerudi nyumbani, nami nitakuja ibada ya saa moja. Niwekee nafasi, hata kama bado tunabishana.

Nimekukumbuka sana. Nalala sasa, saa nne kasorobo.

Igoki