Hereni za Mama Zilizokosa Jozi

Baba yangu mpendwa,

Sijui nianze kukuombea dua au kukulaumu. Acha nianze na dua, maana adabu ulinifundisha wewe: Mwenyezi Mungu akulaze pema. Sasa niambie, kwa nini ulituongopea?

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa mlangoni pa duka letu la usonara hapa Korogwe, asubuhi, jua halijawa kali? Uliweka yakuti mbili za kijani juu ya karatasi nyeupe ukaniuliza, "Haya binti, hawa ni ndugu au majirani?" Nikikurupuka kusema ndugu, unawasha taa. Jiwe moja linageuka zambarau, lenzake linabaki kijani vilevile. "Majirani!" Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika.

Mama ulimwahidi hereni za yakuti tangu harusi yenu. Jiwe moja ulikuwa nalo, ikabaki kumpata mwenzake. Kila ukirudi kutoka Mkumbara kwa wauza mawe, alikuuliza, "Baba Zuhura, umepata?" Nawe, "Bado, hazifanani." Anakumiminia chai. Masikioni alikuwa na vijiti vya ufagio ili matundu yasizibe. Majirani walimtania kwamba mke wa sonara anavaa ufagio, kinyozi hajinyoi. Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake.

Ulipofariki nilisafisha meza yako. Ndani ya kopo la hiliki nikakuta yakuti mbili zimefungwa kwenye pamba. Nikazipeleka mlangoni, kisha nikawasha taa. Zikageuka zote kwa pamoja. Ndugu, Baba! Ndugu wa tumbo moja! Na ile pamba ilishakuwa ya njano kwa uzee. Hazikuingia humo jana wala juzi.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Halafu nikachanganyikiwa. Nikimwambia Mama kwamba ulizificha, nitamharibia mume aliyemwamini miaka yote. Nikisema nimezipata mimi, nitakuwa mwongo wa pili nyumba hii. Nikangoja kwanza atoke eda.

Juzi nikamwekea kiganjani. "Mama, jozi imepatikana."

Alizitazama kidogo tu. Taa hata hakuitaka.

"Hazifanani," akasema.

"Mama, zinafanana! Nimezipima mwenyewe."

"Hazifanani, mwanangu. Zirudishe kwenye kopo la hiliki."

Kopo sikuwa nimemtajia, Baba.

Nimezirudisha. Tangu hapo kichwa kinanizunguka. Alijua tangu lini? Na wewe, ulijua kwamba anajua? Nimekua katikati yenu nikimhurumia mwanamke ambaye huenda hakuhitaji huruma yangu hata kidogo, na sasa sijui hasira hii niipeleke wapi.

Jana jioni narudi kutoka dukani, nikamkuta kasimama mlangoni, vijiti vyake masikioni.

"Zuhura, umepata?"

Nikasikia sauti yangu ikijibu, "Bado, Mama. Hazifanani."

Akanimiminia chai.

Pumzika, Baba. Kazi yako nimeishika, hata kama siielewi.

Ni mimi binti yako,
Zuhura