Mwanya wa Mama

Shoga, pokea simu! Nimefanya nini mimi?

Ile picha ya marehemu mama, baba aliyoichora kwenye tableti kabla mkono wake haujapooza. Ile moja tu. Nikasema niitie rangi mtandaoni, nimfurahishe mzee.

Nabofya kile kindoo cha kumwaga rangi kwenye midomo, wekundu unavuja hadi kwenye meno. Nafuta, nabofya tena, unavuja tena! Kumbe mstari wa meno umeachwa wazi katikati. Nikajua mzee kapitiwa. Nikauziba, meno yakashikana. Nikahifadhi juu ya ileile, ya baba ikafutika. JUU YA ILEILE, shoga!

Nikampelekea mbio kama mtoto. Akatazama weee. Akaniuliza polepole, "Mwanya wa mama yako uko wapi?"

Mwanya!!

Na kwenye picha zake zote kafunga mdomo, unamjua mama. Ni baba tu aliyemchora akicheka.

Sasa nachora, nafuta, nachora. Baba anatikisa kichwa tu. Siyo. Siyo.

Na mimi, mwanawe wa kumzaa, mwaka haujaisha tangu tumzike, sikumbuki ulikuwa mpana kiasi gani.