Kaka Hamad na Jeneza la Bibi

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na nyumba nzima inanukia udi.

Leo tumemzika Bibi.

Kaka Hamad ni askari. Alirudi hapa kijijini kwetu Wingwi mwezi uliopita kutoka vitani Kongo, na tangu hapo hatutembei naye kama zamani. Tukienda kuchimba muhogo hutupanga mmoja mmoja: huyu atazame kushoto, huyu kulia, wa mwisho ageuke nyuma kila mara. Penye uwazi hututawanya. Wadogo zangu huona ni mchezo. Juzi walipokusanyika kutazama kinyonga, aliwapigia kelele mpaka wakalia.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini.

Aliniambia kwamba katika kikosi kidogo, nafasi kati ya mtu na mtu ndiyo uhai. Siku moja aliyetangulia mbele alipigwa risasi, akaanguka. Wanne wakavunja mstari, wakamkimbilia, wakamwinua pamoja. Kombora likaangukia hapo hapo. Kaka alikuwa wa mwisho. Hakuwahi kufika.

Leo jeneza lilipotoka, wanaume walilisonga kama ilivyo kawaida yetu, kila mmoja akitaka kutia bega. Kaka alibaki nyuma peke yake, mbali, akitazama miti.

Sisi wanawake tulibaki barazani. Kutoka pale njia inaonekana mpaka kwenye kona.

"Mjukuu gani huyu?" alisema Bi Asha, jirani yetu. "Bibi kamlea mwenyewe, leo hata bega hamtilii."

"Labda huko jeshini kafundishwa kubeba bunduki tu," mwengine akajibu.

Wakacheka kidogo. Msibani.

Mama aliinamisha kichwa. Mimi niligeuka kutazama njia.

Kisha Ami Khamis, mdogo wake Baba, akampisha mtu chini ya jeneza, akarudi nyuma. Nilidhani anakwenda kumvuta Kaka mkono. Hakumgusa. Alishika upande wa pili wa njia, akaacha nafasi baina yao, akatembea sambamba naye. Kaka akitazama kushoto, yeye kulia. Wakapinda kona hivyo hivyo.

Sijui kama Ami naye aliambiwa, au alielewa tu.

Kesho ni khitma, kumsomea Bibi Kurani, na wanaume watakaa wamebanana ukumbini. Kaka nitamtandikia mkeka wake karibu na mlango, na mwengine kando kidogo, wa Ami.

Bi Asha akiuliza, nitamjibu.